Picha ndogo na iheshimiwe kwa kimo chake

Wahenga walinena kwamba kila ndege huruka kwa ubawa wake. Sikudhani kwamba siku moja ningeukumbuka usemi huo nikiwa matangani, simu ya mkononi imo mikononi mwangu, lakini ndivyo ilivyotokea.

Tulikuwa tumekusanyika nyumbani, Taita, kumwomboleza mume wa shangazi yangu. Marehemu alikuwa mtu asiyependa kabisa kupigwa picha. Tulipekua makabati na masanduku, tukagundua kwamba picha yake ya pekee inayofaa ni ile aliyopigwa na mwanawe mwaka 2005 kwa simu, mojawapo ya zile simu za mwanzo kuwa na kamera. Kwa miaka yote hiyo picha ilikuwa imetunzwa vyema, ikihamishwa kutoka simu moja hadi nyingine. Vijana walitaka kuitia katika kijitabu cha maziko na kuwapelekea jamaa walio mbali.

Mpwa wangu aliifungua kwenye simu yake mpya, ya bei kubwa. Akaitanua kwa vidole viwili mpaka ikajaza skrini yote, na papo hapo uso wa mzee ukageuka ukungu. "Mjomba, picha hii imeharibika," akaniambia kwa masikitiko. Mwenzake akadakia kwamba ipo programu ya kutengeneza picha mbovu. Haukupita muda akatuletea sura inayong'aa kama ya mcheza filamu: ngozi laini, nyusi zilizopangwa, meno meupe pe. Tukampelekea shangazi. Akaitazama kitambo, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, huyu ni nani? Lile kovu la mume wangu liko wapi?"

Kovu hilo lilikuwa juu ya jicho la kushoto, na kila aliyemjua mzee alilijua. Katika picha ya 2005 lilikuwepo, alama ya nukta chache tu. Programu ililidhani kuwa uchafu, ikalifuta.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kosa lilikuwa la nani. Halikuwa la marehemu, wala la kamera ile duni, maana kamera ilifanya kazi yake kwa kadiri ya uwezo wake. Picha yenyewe pia haikuwa imeharibika hata chembe. Kosa, msomaji mpendwa, lilikuwa katika namna ya kuionyesha. Tulitaka picha ndogo ijaze skrini kubwa, na iliposhindwa tukaikabidhi kwa mashine iseme uongo kwa niaba yake.

Hapana budi kwanza tuelewe picha ya aina hii ni kitu gani. Ni safu za nukta ndogo mno, ambazo wataalamu huziita pikseli, kila moja ikiwa na rangi moja tu. Mfano wake ni mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi: ukisimama mbali waliona ua, ukiinama karibu waona miyaa mitupu. Kamera nyingi za simu za wakati ule zilipiga picha zenye nukta 640 kwa upande mmoja na 480 kwa upande wa pili, yaani nukta 307,200 kwa jumla. Simu nyingi za leo zina skrini yenye nukta 1,080 kwa upana na 2,400 kwa urefu, yaani nukta 2,592,000. Skrini hiyo basi ina nukta zaidi ya mara nane ya zile zilizomo katika picha.

Isitoshe, nukta za skrini za leo zimesongamana sana. Juu ya kioo cha kompyuta ya mezani ya miaka ya tisini, inchi moja ilibeba nukta zipatazo mia moja au pungufu. Katika simu nyingi za leo, inchi hiyo hiyo hubeba nukta 400 hivi. Matokeo yake ni kwamba picha ambayo ingekuwa na upana wa sentimita 17 hivi kwenye kompyuta ile ya zamani, ikiwekwa katika simu ya leo nukta kwa nukta, hugeuka kijipicha cha upana wa sentimita nne.

Hapo ndipo simu hukabiliwa na njia panda. Ama iionyeshe picha katika udogo huo, na mwenye simu alalamike kwamba haoni, ama iitanue. Mpwa wangu alipoitanua ikajaza skrini nzima, kila nukta moja ya picha ililazimika kukaa mahali pa nukta 25 za skrini. Ishirini na nne kati ya hizo hazikuwa na habari yoyote ya kutoa. Simu ilizijaza kwa kuchanganya rangi za nukta jirani, na mchanganyiko huo ndio ule ukungu tuliouona.

Lipo na la pili. Picha nyingi huhifadhiwa kwa mtindo uitwao JPEG, ambao kanuni zake ziliidhinishwa mwaka 1992. Mtindo huu huikata picha katika miraba ya nukta nane kwa nane na kupunguza habari zilizomo ndani ya kila mraba ili faili iwe nyepesi. Picha ikionyeshwa kwa ukubwa wake wa asili, viungo vya miraba hiyo havionekani. Ikitanuliwa, hujitokeza kama vigae vya sakafu. Na kila mara programu ya kutumiana ujumbe inapoibana tena picha hiyo, hali huzidi kuwa mbaya. Ndiyo sababu picha iliyopitia makundi kumi ya jamaa na marafiki hufika ikiwa hoi.

Sasa natuwakumbuke wazee wetu na albamu zao. Nani kati yetu hajaiona albamu ya zamani, yenye kurasa nzito nyeusi, ambamo picha ndogo ya pasipoti imebandikwa katikati ya ukurasa mpana? Hakuna aliyewahi kuona aibu kwa sababu picha haikujaza ukurasa. Nafasi tupu kandokando yake ilikuwa heshima, ikiliambia jicho: tazama hapa. Mtu aliiinua albamu, akaisogeza karibu, akamtambua babu yake. Kwa nini basi tumeshawishika kuamini kwamba kila kinachoonyeshwa kwenye simu sharti kiguse kingo zote nne za skrini?

Tena sayansi yenyewe iko upande wa wazee hao. Mwaka 1973 mtafiti Mmarekani Leon Harmon alichapisha sura ya Rais Abraham Lincoln iliyotengenezwa kwa miraba michache mikubwa. Aliyeitazama kwa karibu aliona miraba tu. Aliyerudi nyuma hatua kadhaa, au aliyefumba macho nusu, alimwona Lincoln dhahiri. Sababu ni kwamba kingo za miraba huliziba jicho lisione umbo, na kingo hizo zikififia kwa umbali, umbo hujitokeza. Funzo lake linapingana na mazoea yetu: picha yenye nukta chache, mara nyingi ukiipunguza ndipo huonekana zaidi. Kijana anayeitanua akitafuta kuona vizuri huenda anajinyima kuona.

Sisemi kwamba picha ndogo isikuzwe kamwe. La hasha! Ninachosema ni kwamba kukuza kuna kanuni zake, na wanaotengeneza simu na programu wanazijua fika. Kampuni ya Apple ilipotoa iPhone 4 mwaka 2010, ilikabiliwa na swali hili hili. Simu zake za awali zilikuwa na skrini ya nukta 320 kwa 480, zikiwa 163 kwa kila inchi. Skrini mpya ilikuwa na nukta 640 kwa 960, zikiwa 326 kwa kila inchi. Idadi hiyo haikuchaguliwa kiholela. Ilikuwa mara mbili kamili kila upande, hivi kwamba kila nukta moja ya picha ya zamani iliketi sawasawa juu ya nukta nne za skrini mpya. Programu zilizoandikwa kwa ajili ya skrini ya zamani zilibaki na ukubwa ule ule mkononi na sura ile ile, bila kupotoka.

Wenzao wa Android, ambao simu zao zina skrini za kila namna, walitumia njia nyingine. Watunzi wa programu hupewa kipimo kisichotegemea nukta halisi, ambacho msingi wake ni skrini ya nukta 160 kwa inchi. Kwenye skrini ya nukta 320 kipimo huzidishwa mara mbili, na kwenye skrini ya 480 huzidishwa mara tatu. Hivyo picha hubakia na ukubwa ule ule mbele ya macho ya mtu, hata msongamano wa nukta ukibadilika. Mtunzi mwema pia huweka nakala kadhaa za picha moja, ndogo na kubwa, ili kila simu ichague inayoifaa.

Siri ya hesabu hizi ni namba kamili. Ukizidisha mara mbili au mara tatu, kila nukta hupata mgawo sawa na mwenziwe. Picha yetu ya 640, ikilazimishwa kuenea katika upana wa 1,080, huzidishwa mara 1.6875. Nani awezaye kumgawia mtu nukta moja na sehemu? Ama nukta nyingine zipate mbili na nyingine moja, herufi zitoke zimepinda, ama rangi zichanganywe na kingo zote zilegee. Lakini ukiilaza simu ubavu, picha hiyo huzidishwa mara mbili kamili, ikawa 1,280 kwa 960, na kuingia ndani ya skrini bila taabu, kukiwa na ukingo mweusi kandokando. Wapenzi wa michezo ya zamani ya Game Boy, ambayo skrini yake ya mwaka 1989 ilikuwa na nukta 160 kwa 144 tu, wanalijua jambo hili. Programu nyingi za kuchezea michezo hiyo huwapa nafasi ya kuchagua ukuzaji wa namba kamili. Ni ajabu kwamba vikaragosi vya mchezo vimepata heshima ambayo nyuso za wazazi wetu zimenyimwa.

Kadhalika, picha zote si za namna moja. Sura ya mtu, mandhari au anga hustahimili kulainishwa kidogo, maana rangi zake hupanda na kushuka polepole. Maandishi, ramani, sahihi na michoro ya mistari havistahimili. Ukivilainisha, unavifuta. Simu nyingi hazitofautishi. Hulainisha kila kitu. Anayefungua nakala ya hati ya zamani hulainishiwa tarakimu zake pamoja na karatasi.

Hapa suala linatoka matangani na kuingia mashambani. Mwaka 2021 Kenya ilizindua mfumo wa Ardhisasa wa kuweka kumbukumbu za ardhi katika kompyuta. Hati nyingi za wananchi, ziwe za ardhi, za kuzaliwa au za shule, leo husomwa kwanza katika simu, zikiwa zimepigwa picha haraka haraka na kutumwa. Kati ya 3 na 8 katika nambari ya kiwanja hakuna tofauti kubwa isipokuwa nukta mbili tatu za wino upande wa kushoto. Nukta hizo zikiyeyushwa na ulainishaji, mtu aweza kulipia shamba la jirani.

Anayedhani natia chumvi na akumbuke yaliyotokea mwaka 2013. Mtaalamu Mjerumani, David Kriesel, aligundua kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kunakili nyaraka zilikuwa zikibadilisha tarakimu, 6 ikawa 8, bila ukungu wala dalili yoyote ya kasoro. Mashine hizo, katika kupunguza uzito wa faili, zilikuwa zikichukua kipande kimoja cha picha na kukibandika mahali pa kingine kilichofanana nacho. Karatasi ilitoka safi na nyoofu, ilhali ilikuwa na uongo ndani yake. Ukungu, kwa ubaya wake wote, una uaminifu: hukiri kwamba haujui. Usafi wa kubuni haukiri chochote.

Na hilo ndilo linalonitia hofu kubwa zaidi kuhusu hizi programu za akili unde zinazodai kuirejesha picha. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walitoa programu iitwayo PULSE, ambayo huichukua sura ya nukta 16 kwa 16 na kutoa sura safi ya nukta 1,024 kwa 1,024. Mtu mmoja akaipa picha iliyofifishwa ya Rais Barack Obama, ambaye hata mtoto wa shule huku kwetu angeitambua sura yake. Programu ikarudisha uso safi wa mwanamume mzungu! Watafiti wenyewe walikuwa wameeleza kwamba kazi yao hutunga nyuso za watu wasiokuwepo, wala haifai kumtambulisha mtu. Lakini ni wangapi husoma maelezo? Mashine haikumwona Obama. Iliona nukta 256, ikatafuta miongoni mwa sura ilizofunzwa kutunga, ikatoa mojawapo inayolingana na nukta hizo. Ikiwa mwana wa Mluo wa Kogelo, aliyekuwa rais wa taifa kubwa, anaweza kupotezwa uso wake hivyo, mzee wa Taita mwenye kovu juu ya jicho ana matumaini gani?

Wapo watakaonijibu kwamba hata wapiga picha wa zamani walipaka rangi na kuondoa madoa katika picha. Ni kweli. Lakini mpiga picha yule alimwona mteja kwa macho yake, akaulizana naye, na filamu ya asili ikabaki katika droo. Wengine watasema kwamba familia ina haki ya kuipamba picha ya mpendwa wao. Nakubali pia. Mapambo si dhambi maadamu yanaitwa mapambo na picha ya asili imehifadhiwa. Ubaya huja pale pambo linapotumwa kwa jamaa, jamaa wakalihifadhi, na picha ya kweli ikafutwa kwa kuwa "imeharibika". Baada ya miaka ishirini wajukuu watamlilia mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Je, tufanye nini? Wenye kutengeneza simu na programu wana wajibu wa kwanza. Picha ndogo inapofunguliwa, na ionyeshwe kwa kimo chake au kwa namba kamili ya kimo hicho, na mtumiaji aambiwe wazi pale anapoitanua kupita habari zilizomo. Upana na urefu visitenganishwe kamwe, mtu mwembamba asije akafanywa bonge kwa ajili ya kujaza nafasi. Pawepo kitufe cha kuchagua kati ya kulainisha, kwa ajili ya sura, na kutolainisha, kwa ajili ya maandishi. Na picha yoyote iliyoongezewa nukta za kubuni na ibebe alama ya kusema hivyo, alama ambayo haitabanduka inapotumwa.

Ofisi na taasisi zinazoweka nyaraka na picha mbele ya umma nazo zisijitie hamnazo. Kuna kurasa ambazo hazijawahi kuandaliwa kwa ajili ya simu, nayo simu hulazimika kujifanya ina upana wa kompyuta ya mezani, aghalabu nukta 980, na kuibana picha ambayo tayari ni ndogo. Mstari mmoja tu wa maagizo katika ukurasa huondoa adha hiyo. Anayenakili hati kwa mashine na ainakili kwa ukubwa wa kutosha tangu mwanzo, kwani nukta ambazo hazikuchukuliwa siku ya kwanza hakuna fundi atakayezirudisha.

Sisi wananchi nasi tuna letu. Tuzitume picha muhimu kama faili, si kama picha za kawaida za mazungumzo, ili zisibanwe njiani. Tuihifadhi ile ya asili mahali pawili, hata kama ni ndogo kama stempu. Tunapotaka kumwona mtu vizuri katika picha ya zamani, tuisogeze simu mbali kidogo badala ya kuitanua. Na tuache kusema kwamba picha imeharibika kwa sababu tu simu yetu ni mpya. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tumezisifu mno skrini hizi kwa ung'avu wake hata tukasahau kwamba hazina habari isipokuwa ile tuliyozipa.

Kule Taita tuliifuta ile sura ya kubuni kabla haijasambaa. Tuliirudia picha ya 2005. Katika kijitabu tuliichapisha kwa upana wa sentimita tano na nusu tu, kipimo ambacho nukta zake 640 zilikitosheleza, tukaacha nafasi nyeupe pande zote. Vijana wawili walinung'unika kwamba ukurasa ulionekana mtupu.

Shangazi alikichukua kijitabu, akakisogeza karibu na dirisha, akaweka kidole juu ya jicho la kushoto la ile picha. "Huyu ndiye," akasema, kisha akakikunja na kukitia katika mkoba wake.